Kisa cha gengi lililokataa bonasi: nani alipatia, nani alichemsha

Kisa kimetoka wapi

Niseme mapema ili watu wasianze kutafuta ni saiti gani ya ujenzi: hiki kisa cha gengi la mafundi wa zege si cha huku kwetu, ni cha Umoja wa Kisovieti miaka ya 70, nimekitoa kwenye filamu ya 1974 inayoitwa Premiya, maana yake Bonasi, studio ni Lenfilm, mwongozaji Sergei Mikaelyan, mwandishi Alexander Gelman. Najua kuna mtu atasema filamu si kisa cha kweli. Sawa, ila Gelman kabla hajawa mwandishi alifanya kazi kwenye ujenzi wa kiwanda cha kusafishia mafuta cha Kirishi, mkoa wa Leningrad, na ukiangalia dakika kumi tu unajua aliyeandika hii amewahi kusimama kwenye tope akisubiri lori la zege, mambo yale hayatungwi na mtu wa mezani. Wahusika nawaita kwa vyeo vyao tu kama tunavyofanya kwenye visa vyote.

Mimi kisa nilisimuliwa na mzee mmoja msimamizi wa saiti, alisoma uhandisi Moscow kwenye chuo cha Lumumba. Alikuwa na daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, kurasa kazipiga mistari kwa rula: tumesimama saa ngapi mpaka saa ngapi, watu wangapi, kwa sababu gani. Juu ya safu kaandika "prostoi". Nilidhani ni jina la supplaya. Kumbe ni Kirusi cha muda wa kusimama, yaani fundi yupo, vifaa vipo, mikono ipo, kazi haipo. Nilipomuuliza, tukakaa juu ya matofali akanipa kisa chote kuanzia mwanzo, muda tulikuwa nao maana siku hiyo zege letu wenyewe lilifika saa kumi na moja jioni.

Mazingira

Kuna trasti ya ujenzi. Trasti kwa Wasovieti ni shirika kubwa la ujenzi lenye vitengo vingi chini yake, juu yake kuna wizara, na juu ya wote kuna mpango. Mpango ndio kila kitu. Ukifikisha asilimia 100 mfuko wa bonasi unafunguka, kuanzia meneja mpaka fundi. Ukiishia 98 au 99, hakuna kitu. Hiyo tofauti ya asilimia moja ndiyo inayowafanya watu wazima na akili zao wafanye mambo ya ajabu, ishikilieni, nitairudia.

Chini kabisa kuna magengi, yaani vikundi vya mafundi. Gengi letu lina watu 17, wanamwaga zege, wanalipwa kwa kipande, ukifanya kingi unapata kingi. Kiongozi wao si bosi wa kofia nyeupe, ni fundi mwenzao anayeshika koleo na wao.

Sasa zege. Wote tunajua zege si mchanga kwamba utamwaga pembeni ulikute kesho. Likitoka mtamboni saa inaanza kuhesabu, baada ya saa moja na nusu au mbili linaanza kushika, baada ya hapo unajenga tatizo. Kwa hiyo lori likichelewa asubuhi watu 17 wanakaa, halafu saa tisa alasiri yanakuja malori matatu kwa mpigo, hapo ndio utaona mtu anaongeza maji kwa ndoo ili zege lirudi kuwa laini, na kila ndoo ni nguvu ya ule ukuta inayoondoka. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwenye ujenzi huumiza na nguzo.

Wasovieti wenyewe walikuwa na mzaha wao kuhusu mwezi wa kazi, mwezi una siku kumi kumi mara tatu: kumi za kwanza ni usingizi, kumi za pili ni kujinyoosha, kumi za mwisho ni homa. Materiali hayaji, hayaji, hayaji, halafu tarehe 25 yanakuja yote na mpango lazima ufungwe tarehe 30.

Ilivyotokea

Trasti imetimiza mpango, imevuka kidogo hata. Bonasi imetoka. Dirisha la malipo limefunguliwa, watu wamepanga foleni, halafu taarifa inafika kwa wakubwa kwamba gengi moja limekataa kuchukua. Lote. Watu 17.

Wazo la kwanza la kila mtu, na nadhani hata mimi ningewaza hivyohivyo, ni kwamba jamaa wanataka zaidi. Inaitishwa kamati ya trasti ya Chama cha Kikomunisti siku hiyohiyo. Meneja wa trasti yupo, mkuu wa mipango yupo, dispacha, yaani mpangaji wa malori na vifaa, yupo, mchumi wa idara ya mipango yupo, yupo pia dada mmoja mwendesha krini, na katibu wa kamati ambaye ni kijana kuliko karibu wote mle. Filamu karibu nzima ni hicho chumba kimoja, meza ndefu na watu wanaongea, na huwezi kwenda hata kuchemsha chai.

Kiongozi anaulizwa mnataka nini. Anasema hatutaki nyongeza, hatutaki hiyo hela kwa sababu si halali yetu. Kimya. Halafu anatoa madaftari mawili.

Kwenye madaftari gengi limepiga hesabu. Kwanza, walichopoteza kwa kusimama ni kikubwa kuliko hiyo bonasi. Pili, na hii ndiyo iliyochoma, mpango uliotimizwa si mpango wa mwanzo. Trasti ililia kwa wakubwa ikapunguziwa, na gengi linasema kwa hesabu kwamba mpango ule wa mwanzo ulikuwa unawezekana kabisa kama zege na vifaa vingefika kwa wakati. Yaani bonasi imetolewa kwa kutimiza kitu kilichofupishwa ili kitimizwe.

Wakubwa wanaanza kukwepa, kila mtu kwa staili yake. Dispacha anasema lawama zote zinamwangukia yeye wakati yeye hana zege wala malori, ana simu tu (hapa mzee alicheka sana, alisema huyo dispacha yupo kila nchi). Mkuu wa mipango anahoji fundi wa zege ataelewaje hesabu za trasti nzima. Swali zuri tu, sema linamgeukia, maana mchumi aliye chini yake anakiri pale mezani kwamba takwimu za kwenye madaftari ziko sahihi. Pumzi inatoka chumbani.

Halafu pigo linakuja kutoka upande ambao hakuna aliyeutazama. Taarifa inaingia katikati ya kikao kwamba baadhi ya watu wa gengi lilelile wameshaenda dirishani wakachukua bonasi. Kiongozi anavunjika. Unaiona usoni kwake, anayeigiza ni Yevgeny Leonov, mtu ambaye Warusi walikuwa wamemzoea kwenye komedi, na anapoinuka anataka aondoke, yaishe.

Katibu, ambaye anaigizwa na Oleg Yankovsky, haachi yaishe. Kwake kiongozi anaweza kuondoka lakini hesabu inabaki mezani, haijawa uongo kwa sababu mtu fulani amechukua rubli zake. Wanapiga kura, na upande wa gengi unashinda.

Maamuzi, na kila mtu alikuwa anawaza nini

Uamuzi wa kukata mpango. Nianze na meneja kwa sababu wengi wakiangalia wanamwona ni mwizi, mimi simwoni hivyo. Amefika katikati ya mwaka anaona hafikishi. Ana njia mbili, aseme ukweli halafu watu elfu kadhaa wakose bonasi kwa kosa ambalo nusu yake ni la viwanda vya vifaa vilivyo nje ya mamlaka yake, mafundi wahame trasti, mwaka ujao awe na hali mbaya zaidi, au apande wizarani aombe mpango "urekebishwe". Wizara nayo inataka trasti zake zote zisomeke 100. Kila mtu kwenye mnyororo anafaidika na saini moja. Ningekuwa mimi kwenye kiti chake sijui ningefanyaje, na anayesema anajua nadhani hajawahi kukaa kwenye kiti cha namna hiyo.

Piga picha kwa namba rahisi, hizi ni zangu za mfano si za filamu. Mpango wa mwanzo majengo 100, umekatwa hadi 80, umejenga 81. Ripoti inasema 101%. Kwenye karatasi umevuka, na majengo 19 yaliyoahidiwa hayapo popote.

Uamuzi wa gengi kukataa. Hapa pia weka namba za mfano. Fundi zege likiwepo anaingiza rubli 8 kwa siku. Kwa mwezi anasimama jumla siku 4, na siku za kusimama analipwa tuseme rubli 3. Kila mwezi kapoteza 20, kwa robo mwaka 60. Halafu unamletea bonasi ya 40 na makofi juu. Kwa nchi ambayo mshahara wa wastani 1975 ulikuwa rubli 146 hivi kwa mwezi hiyo si hela ya pipi. Ndiyo maana kukataa kwao si utakatifu kama inavyoonekana kwa haraka: bonasi ni risiti, ukiipokea umesaini kwamba hesabu imefungwa na hudai kitu.

Uamuzi wa katibu kuita kikao siku ileile na kuruhusu madaftari yasomwe. Katibu kikazi si bosi wa meneja. Lakini meneja naye ni mwanachama, kwa hiyo kile ndicho chumba pekee kwenye trasti ambacho fundi na meneja wana kura moja moja. Kwingine kote kiongozi wa gengi angeambiwa andika barua.

Matokeo

Ndani ya chumba, ushindi. Nje ya chumba filamu haituonyeshi, na nadhani Gelman alijua kabisa kwa nini anakatisha pale.

Nje ya filamu ndio inachekesha, maana serikali ileile iliipenda. Premiya ikapewa Tuzo ya Taifa ya USSR mwaka 1976. Stori hiyohiyo ikapanda jukwaani, Leningrad kwa mwongozaji Georgy Tovstonogov, Moscow kwa mwongozaji Oleg Yefremov. Watu walijaa kwenye teta kuangalia mkutano! Mkutano wa kamati! Wakati wengi wao mchana wametoka kwenye mkutano. Nadhani walikuja kwa sababu kwenye huo wa jukwaani mtu alisema namba halisi.

Ila ukingo wa asilimia 100 ulibaki palepale. Mipango iliendelea kukatwa mwishoni mwa mwaka na bonasi ziliendelea kutoka.

Kilichofanya kazi

Daftari. Sina namna nyingine ya kusema. Gengi lingeenda na malalamiko, "tunaonewa, vifaa vinachelewa", kikao kingechukua dakika 15, wangeahidiwa litashughulikiwa. Walienda na masaa. Malalamiko yanajibiwa na malalamiko mengine ila masaa yaliyoandikwa siku kwa siku lazima uyajibu kwa masaa. Na waliyaandika wakati yakitokea, hawakukaa mwisho wa mwaka kukumbuka, hapo ndipo visa vingi vya madai kwenye ujenzi vinakufa mpaka leo: kontrakta anadai siku 40 za kucheleweshwa, unamuuliza rekodi, anakuonyesha meseji mbili za simu.

Pili walipata mtu wa ndani. Mchumi. Bila yeye mkuu wa mipango angewamaliza na swali lake moja tu. Na angalia gharama yake, gengi likishindwa linarudi kwenye zege, yeye kesho asubuhi anarudi ofisi moja na bosi aliyemuumbua. Kwangu mimi yeye ndiye jasiri kuliko wote kwenye hicho kisa, na hakuna anayemzungumzia.

Tatu, hawakuomba kitu. Ungeona meneja alivyopambana kutafuta wanataka nini ili awape, nyumba, kupandishwa daraja la kazi, chochote. Mtu asiye na ombi humnunui.

Kilichokwama

Sasa kiongozi. Nampenda lakini alichemsha, na alichemsha mahali ambapo viongozi wa mafundi wanachemsha kila siku. Alichukua ndio ya watu 17 waliyoitoa wakiwa pamoja, wamechangamka, akaifanya ndio ya kila mmoja peke yake. Hizo ni ndio mbili tofauti. Mtu kwenye kundi anasema tukatae, akifika nyumbani mke anamuuliza viatu vya mtoto, anarudi dirishani kimyakimya. Ilibidi awaulize mmoja mmoja, ajue nani hawezi, aingie kikaoni na idadi anayoiamini. Gengi la watu 10 imara lingekuwa na nguvu kuliko la 17 linalovuja.

Cha pili ni kwamba madai yalihusu bonasi iliyopita. Ni ya haki, ila hayaleti zege kesho asubuhi. Sikuona mahali walipodai kwamba kuanzia mwezi ujao kila lori lina saa yake kwenye karatasi na anayechelewesha anakatwa. Na jambo hilo halikuwa geni kabisa kwao, tangu 1970 kulikuwa na gengi la Nikolai Zlobin kule Zelenograd karibu na Moscow lililokuwa likifanya kazi kwa mkataba: gengi linachukua jengo zima kuanzia msingi mpaka funguo, gharama na muda vimeandikwa, likiokoa linapata sehemu ya kilichookolewa, na upande wa pili menejimenti inajifunga kuleta vifaa kwa ratiba. Utaratibu ulisifiwa nchi nzima. Nusu ya gengi ilitekelezeka, nusu ya menejimenti ndio ikawa inasumbua, maana meneja hawezi kuahidi simenti ambayo na yeye hajaahidiwa.

Cha tatu ni mfumo wenyewe, hapo kikao kilifika ukutani. Mpango wa mwaka ujao ulikuwa unapangwa kwa kuangalia ulichofikia mwaka huu halafu wanaongeza kidogo. Kwa hiyo trasti ikionyesha uwezo wake wote leo, kesho uwezo huo ndio unakuwa kiwango cha chini. Kila meneja mwenye akili anaficha akiba. Gengi lilithibitisha mpango wa mwanzo uliwezekana, safi, na kwa kufanya hivyo liliionyesha wizara mahali meneja alipoficha akiba ya mwakani. Nilipoliona hilo nilimwelewa meneja zaidi, na sikuwa nataka kumwelewa.

Gelman mwenyewe naona hakuridhika na ushindi wa kura, maana kuna filamu nyingine ya kwake, hii ya televisheni kabisa, 1981, Tatyana Lioznova aliiongoza, kiwanda cha mikate kimejengwa, kamati ya kupokea jengo imegoma kusaini hati, na jamaa mmoja dispacha anawafuata mpaka ndani ya treni na mkewe, anawabembeleza, anawadanganya, anatoa chupa, ili wasaini. Mwaka 1974 tatizo linajadiliwa mezani kwa kura, miaka saba baadaye linajadiliwa kwenye behewa kwa konyaki.

Tuliposhindwa kukubaliana

Mimi na mzee tulibishana juu ya wale waliochukua hela. Mimi nilisema ni wasaliti, wamemwangusha mwenzao mbele ya watu. Mzee akanikatalia. Akasema wewe kijana unahesabu waliochukua, mbona huhesabu waliobaki bila kuchukua mpaka dirisha linafungwa, hao hakuna aliyewapigia makofi na hawakuwemo chumbani. Halafu akanyoosha kidole getini, lori lilikuwa linaingia kinyumenyume, dereva kachungulia dirishani anauliza zege hili nimwage wapi. Mzee akaangalia saa, akafungua daftari akaandika 10:55, tangu 2:00, watu 9, mtambo umeharibika, akafunga, akasimama akaenda kupima kama bado linafaa.